Kuzalisha aina mpya za mazao pamoja na watafiti: kikundi chenu kiingie katika hatua ipi?

Mvua za Dodoma zinapokaribia, kati ya Oktoba na Novemba, viongozi wengi wa vikundi vya wakulima hutembelewa na wageni wenye ombi moja. Watafiti wanatafuta wakulima wa kushirikiana nao katika kupata aina mpya ya mtama, uwele, karanga au alizeti, na kikundi kinaombwa kitoe shamba, nguvu kazi na muda. Ombi hilo ni la heri. Kwa mkoa unaopata takriban milimita 500 hadi 700 za mvua kwa mwaka, karibu zote katika msimu mmoja, ni mambo machache yaliyo na uzito kwa mkulima kama mbegu inayoendana na ardhi yake. Tatizo ni kwamba neno ushirikiano limebeba mambo yasiyofanana. Mkulima anayeazimisha robo eka kwa ajili ya maonyesho, mkulima anayechagua aina moja kati ya nane zilizokwisha kukamilika, na mkulima anayechagua mmea mmoja mmoja katika uzao ambao bado haujatulia, wote watatu huitwa washirika, ilhali wanachokitoa na wanachokipata ni vitu tofauti kabisa.

Nimefanya kazi ya ugani katika vijiji vya mkoa huu kwa muda mrefu, na nimeona vikundi vikikubali bila kujua vimekubali nini. Ulinganisho huu umekusudiwa kumsaidia mwenyekiti wa kikundi, au afisa ugani wa kata anayemshauri, aamue akiwa bado ana nafasi ya kusema ndiyo, hapana, au tubadilishe kidogo.

Njia tatu

Katika njia ya kwanza, ambayo ndiyo kongwe, mtafiti ndiye anayeongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Huchagua wazazi wa kuchavushana, hufanya uchavushaji kituoni, huchuja uzao kwa vizazi kadhaa, huzipima aina zilizobaki katika vituo mbalimbali, na hatimaye huzipeleka kwa taasisi ya taifa inayothibitisha ubora wa mbegu, yaani TOSCI, ili zichunguzwe kabla ya kuidhinishwa. Mkulima hukutana na aina hiyo ikiwa tayari ina jina, katika shamba la maonyesho kijijini au kwenye viwanja vya Nanenane pale Nzuguni. Njia hii haistahili kudharauliwa. Aina za mtama ziitwazo Wahi na Hakika, zilizoidhinishwa nchini mwaka 2002, ni matunda ya kazi ya miaka mingi ya kutafuta ukinzani dhidi ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, iliyoongozwa na mwanasayansi mzaliwa wa Ethiopia, Gebisa Ejeta, katika Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani. Kazi hiyo ndiyo iliyomletea Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Siri ya ukinzani huo ilifumbuliwa katika maabara, kwa kuchunguza kemikali ambayo mizizi ya mtama huitoa na ambayo huziamsha mbegu za kiduha zilizolala ardhini. Hakuna mkulima ambaye angeliona jambo hilo kwa kutembea shambani, hata awe mjuzi kiasi gani.

Njia ya pili ni uchaguzi shirikishi wa aina. Mtafiti huja na aina kadhaa zilizokwisha kukamilika, baadhi zikiwa zimeidhinishwa na nyingine zikiwa zimebakiza hatua za mwisho, na wakulima huzipanda, huziangalia, huzipika na kuzipanga kwa ubora. Mpangilio unaotumika sana ni ule wa jaribio mama na majaribio watoto, ambao Sieglinde Snapp na wenzake waliuendeleza nchini Malawi katika miaka ya 1990. Jaribio mama huwa na aina zote, hupandwa mahali pamoja na husimamiwa kwa vipimo vya kitafiti. Majaribio watoto hutawanywa kwa kaya nyingi, kila kaya ikipanda aina mbili, tatu au nne tu kwa jembe lake, kwa tarehe yake na kwa palizi yake mwenyewe. Upo pia mpangilio mwepesi zaidi ambapo kila kaya hupewa vipakiti vitatu visivyo na majina ya aina, na mwisho wa msimu huulizwa ipi imekuwa bora na ipi imekuwa duni. Majibu mafupi ya kaya nyingi yakikusanywa huonyesha picha pana. Utafiti wa namna hiyo uliochapishwa mwaka 2019 ulitumia taarifa za mashamba zaidi ya 12,000 kutoka Ethiopia, India na Nikaragua, na uliweza kueleza ni aina zipi zinafaa katika hali gani ya hewa.

Njia ya tatu ndiyo uzalishaji shirikishi wenyewe. Hapa mkulima huingia mapema, wakati uzao wa mimea iliyochavushwa ungali na sura nyingi: mrefu na mfupi, wa mapema na wa kuchelewa, wenye punje nyeupe na wenye punje nyekundu katika shamba lilelile. Mara nyingi mzazi mmoja ni mbegu ya kijiji chenyewe. Nchini Nepal, mpunga uitwao Machhapuchhre-3 ulipatikana kwa kuchavusha mpunga wa kienyeji wa kijiji cha Chhomrong, kilichopo milimani penye baridi, na mpunga mwingine wenye asili ya Japani. Wanakijiji walikabidhiwa uzao huo kabla haujakamilika, wakauchuja katika mashamba yao, na aina iliyotokana nao iliidhinishwa mwaka 1996.

Udongo unaochagua

Tofauti kubwa kati ya njia hizi, kwa maoni yangu kubwa kuliko nyingine zote, ni mahali ambapo mmea hupimwa wakati bado kuna kitu cha kuchagua. Kituo cha utafiti huwa na udongo uliotunzwa, mbolea, palizi ya wakati na mara nyingine maji ya akiba. Shamba la Mgogo wa Mvumi au Mundemu lina mchanga uliochoka, limepandwa kwa kuberega, yaani bila kutifua ardhi, au kwa jembe la mkono, na mwezi wa Februari linaweza kukaa wiki tatu bila tone. Aina inayoongoza kituoni si lazima iongoze huko. Salvatore Ceccarelli na Stefania Grando, waliofanya kazi ya shayiri nchini Syria, walionyesha jambo hili kwa vipimo vya miaka mingi: mimea iliyochaguliwa katika mazingira ya mavuno makubwa mara nyingi ilishindwa na mbegu za kienyeji pale ukame ulipouma, kwa hiyo kuanzia katikati ya miaka ya 1990 walihamishia uchaguzi katika mashamba ya wakulima.

Katika njia ya kwanza, uzao ambao ungelifaa Mvumi unaweza kuwa ulitupwa kituoni miaka sita kabla ya mkulima wa Mvumi kuuona. Ulionekana dhaifu kwa sababu haukupata nafasi ya kuonyesha unachokiweza. Katika njia ya pili, udongo wa mkulima unasema, lakini unasema kuhusu aina chache zilizosalia. Katika njia ya tatu unasema tangu mapema.

Haimaanishi kwamba kila kijiji kihitaji aina yake. Macia, mtama mfupi wenye punje nyeupe uliopewa jina la mji wa Msumbiji, uliidhinishwa katika nchi kadhaa za kusini mwa Afrika kabla ya kuidhinishwa Tanzania mwaka 1999, na umepokelewa na wakulima wengi wa kanda hii kwa sababu hukomaa kabla mvua hazijakatika. Aina inayokubali mahali pengi ikipatikana, hakuna sababu ya kutumia misimu sita kuitafuta upya. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo kikundi kijiulize ni hili: je, aina zilizopo zimeshajaribiwa katika udongo wetu na zikashindwa, au hatujazijaribu? Vikundi vingi nilivyovifahamu vilikuwa havijazijaribu.

Anayechagua, na anachokiangalia

Mtafiti hupima kilo kwa hekta. Ni kipimo cha lazima, lakini mkulima wa Kongwa anapoutazama mtama husoma mambo mengi zaidi kwa wakati mmoja. Huangalia kama suke limeinama au limesimama wima, kwa sababu kweleakwelea hutua kwa urahisi juu ya suke lililosimama. Huangalia rangi ya punje, akijua kwamba nyeupe hutoa ugali mzuri na hupata soko, lakini pia huwavuta ndege, ilhali ile nyekundu yenye ukakasi huachwa hadi mwisho. Huangalia bua, kwa kuwa ng'ombe watalila baada ya mavuno na kwa kuwa uzio wa mwaka ujao utatokana nalo. Kwa mfugaji, ufupi ambao mtafiti anausifu ni hasara. Kisha huuliza juu ya ghala: punje ngumu hukaa kihengeni, punje laini huliwa na fukusi kabla ya mwezi wa nane.

Naye mkulima si mmoja. Kikao kimoja ninachokikumbuka vizuri kilifanyika baada ya mavuno, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, ambapo wanaume walikuwa wamechagua aina yenye masuke makubwa na wote wakaafikiana. Mama mmoja aliyekuwa amekaa pembeni akaomba apewe punje akazitwange. Alirudi baada ya muda na kusema, "Hii kumvi yake haitoki, na unga wake hausongeki." Hapo ndipo kura ilipopigwa upya. Jambo hilo lilitufundisha kutenganisha kura: wanaume waliweka punje za mahindi na wanawake waliweka maharage katika mifuko iliyoning'inizwa mbele ya kila kitalu, kisha zikahesabiwa kwa makundi. Mifuko iliyojaa mahindi bila maharage ilitueleza mengi.

Ushahidi wa thamani ya macho ya wanawake ni wa siku nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nchini Rwanda, Louise Sperling na wenzake waliwaalika wanawake wajuzi wa maharage waingie kituoni na kuchagua kati ya aina zilizokuwa zikijaribiwa huko. Aina walizozichukua zilifanya vizuri katika mashamba yao kuliko michanganyiko waliyokuwa wakipanda, kwa sababu walijua ni ipi itakayovumilia kivuli cha migomba na ipi itakayofaa udongo wao. Walialikwa kama wataalamu, mapema, kabla orodha haijafupishwa na mtu mwingine.

Pamoja na hayo, yako mambo ambayo jicho haliyaoni, na kikundi kinachodhani kinaweza kufanya kila kitu bila mtafiti kinajidanganya. Sumukuvu ni mfano ulio karibu nasi kuliko mwingine wowote. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo, na nafaka iliyowaua haikuwa lazima iwe na sura mbaya. Kama karanga fulani ina kinga kidogo dhidi ya ukungu unaoleta sumu hiyo, maabara ndiyo inayoweza kusema. Hali ni hiyohiyo kwa kiduha, ambacho huota kwa mabaka shambani; aina iliyopandwa mahali pasipo na mbegu za kiduha itaonekana kinzani wakati si kinzani. Ugonjwa wa rozeti katika karanga, unaoenezwa na vidukari, unaweza kuja mwaka mmoja na kukosekana miaka miwili inayofuata, hivyo mkulima aliyechagua katika mwaka mzuri hana njia ya kujua. Katika mambo haya mtafiti ni wa lazima, na ushirikiano mzuri ni ule unaotamka wazi nani anapima nini.

Zao lenyewe linaamua mengi

Hapa ningeomba msomaji asiharakishe, kwa sababu makosa mengi ya kuchagua njia hutokana na kutoliangalia ua la mmea.

Karanga hujichavusha karibu kabisa. Mkulima akichagua mmea mzuri na kupanda punje zake, atapata mimea inayofanana na mama yake. Mtama hujichavusha kwa sehemu kubwa, ingawa upepo huingiza chavua ya jirani kwa kiasi kidogo. Suke moja zuri likifungwa mfuko wa karatasi kabla ya kuchanua, uzao wake utakuwa salama. Mazao haya mawili yanafaa kwa njia ya pili na pia kwa njia ya tatu, kwa sababu kazi ya kuchagua haipotei bure.

Uwele ni habari nyingine. Sehemu ya kike ya suke lake hutangulia kujitokeza kabla ya ile ya kiume, kwa hiyo hupokea chavua ya mimea mingine, pamoja na ya shamba la jirani aliyepanda mbegu yake ya zamani. Alizeti hutembelewa na nyuki wanaoruka mbali. Kikundi kikichagua masuke bora ya uwele katikati ya mashamba ya watu wengine, nusu ya kazi yake imefanywa na jirani bila kujua. Njia ya tatu kwa uwele inawezekana, lakini inahitaji shamba lililotengwa kwa umbali, au kijiji kizima kikubaliane kupanda aina moja, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyosikika kwenye mkutano. Kwa mazao hayo mawili, kikundi kisicho na eneo la kutenga kibaki kwenye njia ya pili, na mbegu ya kupanda kila baada ya misimu michache inunuliwe upya.

Zabibu za Makutupora na Hombolo nazitaja kwa ufupi tu. Huzalishwa kwa vipande vya matawi, kwa hiyo aina haibadiliki, lakini mzabibu hukaa shambani kwa miaka mingi na kosa la kuchagua hulipwa muda wote huo. Kwa zao hilo, kungoja matokeo ya kituo na kutembelea mashamba ya waliotangulia ni busara kuliko kujitolea kujaribu.

Muda, ardhi na hasara

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, na hiyo ina maana kwamba kila hatua ni mwaka mzima. Njia ya kwanza haimgharimu mkulima muda wowote, kwa kuwa yeye hungoja. Uchavushaji hadi kuidhinishwa kwa kawaida huchukua miaka minane hadi kumi au zaidi. Njia ya pili huhitaji misimu miwili au mitatu ili pawe na mwaka wa mvua nzuri na mwaka wa mvua mbaya ndani yake. Msimu mmoja hautoshi, na mradi wa msimu mmoja unaoitwa uchaguzi shirikishi ningeukataa. Njia ya tatu, hata uzao ukianza kugawiwa katika kizazi cha tatu au cha nne, inahitaji misimu minne hadi sita ya kuchagua, kisha vipimo vya uidhinishaji. Ni nadra kikundi kudumu na wanachama walewale kwa kipindi hicho, na fedha za miradi mara nyingi huisha katika mwaka wa tatu au wa nne.

Kuhusu ardhi, jaribio mtoto ndilo jepesi kuliko yote: vitalu vitatu vya mita chache kando ya shamba la kawaida. Jaribio mama linahitaji eneo lenye udongo unaofanana, karibu na njia, linalolindwa dhidi ya mifugo. Uzao wa njia ya tatu unahitaji eneo kubwa zaidi, na sehemu yake kubwa itazaa mimea ambayo hamtaitaka. Hili lisemwe wazi kwa wanachama, kwa sababu katika uzao usiotulia mimea mingi ni mibaya kuliko mbegu waliyonayo nyumbani. Kaya yenye eka mbili za chakula isiweke nusu eka humo. Mtafiti mwenye mshahara hapotezi chakula cha watoto jaribio likishindwa. Mkulima anaweza kukipoteza. Makubaliano ya kufidia magunia yaliyokosekana, kwa nafaka au kwa fedha, ni haki na wala si ukorofi wa kuomba.

Wazee wa hapa wanaokumbuka simulizi za njaa ya Mtunya, iliyoupiga Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920, hawakubali kuacha kabisa mbegu zao za zamani, na nadhani wako sahihi. Njia yoyote itakayochaguliwa, mbegu ya nyumbani iendelee kupandwa kando kama kipimo na kama akiba. Kongwa yenyewe imebeba kumbukumbu ya mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ambapo matrekta na fedha nyingi vilishindwa na udongo unaokuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi na mvua ambazo wenyeji walizijua tabia zake.

Baada ya kuchagua, mbegu itatoka wapi?

Katika kata mojawapo niliyofanya kazi, wakulima walishiriki kwa misimu mitatu kuchagua karanga. Walihesabu maganda, walionja, walipiga kura, na aina moja ikashinda kila mwaka. Mradi ulipofungwa, hapakuwa na mbegu ya aina hiyo mahali popote walipoweza kuifikia. Magunia machache yaliyobaki kijijini yaligawanywa kwa vibaba, na mwaka wa pili yalikuwa yameliwa. Bado naumia nikikumbuka bidii ile.

Karanga ndilo zao linaloumizwa zaidi na kasoro hii. Eka moja ya mtama inatosheka na kilo 3 au 4 za mbegu, na kilo hizo huzaa mbegu za eka nyingi. Eka moja ya karanga inataka kilo 30 hadi 40, na mmea mmoja wa karanga hurudisha punje chache. Kampuni za mbegu hazilikimbilii zao hilo, kwa kuwa ni zito kusafirisha na mkulima hujiwekea mbegu mwenyewe. Kwa hiyo kikundi kinachochagua karanga kijue tangu siku ya kwanza kwamba kitalazimika kuzizalisha mbegu zake.

Sheria ndiyo inayotofautisha njia ya pili na ya tatu katika hatua hii. Chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, aina inayouzwa kama mbegu lazima iwe imeidhinishwa. Aina ikiwa imeidhinishwa tayari, kikundi kilichosajiliwa na kupata mafunzo kinaweza kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, mashamba yake yakikaguliwa, na kuziuza katika eneo lililowekewa mipaka. Kwa hiyo kikundi kilichochagua kati ya aina zilizoidhinishwa kinaweza kuanza kuuza mbegu msimu unaofuata, kama kimepata mbegu ya msingi ya kuanzia. Kikundi cha njia ya tatu hakiwezi. Aina yake lazima kwanza ithibitishwe kuwa inatofautiana na nyingine, kwamba mimea yake inalingana, na kwamba haibadiliki kizazi hadi kizazi. Sharti la ulinganifu ndilo linalowakwaza wengi, kwa sababu wakulima mara nyingi hupenda mchanganyiko kidogo ndani ya aina, wenye masuke yanayokomaa kwa kupishana, kama kinga dhidi ya ukame wa katikati ya msimu.

Lipo pia suala la umiliki. Sheria ya mwaka 2012 ya kulinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea humpa mwenye haki ulinzi wa miaka 20 kwa mazao ya kawaida na miaka 25 kwa miti na mizabibu. Katika njia ya kwanza hakuna ubishi kuhusu mgunduzi ni nani. Katika njia ya pili kikundi kimetoa maoni na kazi, lakini hakijazalisha aina. Katika njia ya tatu kikundi kimetoa mzazi mmoja na kimechagua kwa macho yake kwa miaka mitano, na kama jina la kituo pekee litaandikwa kwenye maombi, hiyo itakuwa dhuluma. Mkataba wa kimataifa wa rasilimali za kijenetiki za mimea kwa chakula na kilimo, uliopitishwa mwaka 2001 na ambao Tanzania ni mwanachama wake, unatambua haki za wakulima, pamoja na haki ya kugawana manufaa kwa uadilifu. Lakini mkataba haukai kwenye kikao cha kijiji kuwasemea; makubaliano yaliyoandikwa hukaa.

Ningeshauri nini

Kwa kikundi cha mtama au karanga ambacho hakijawahi kujaribu aina zilizoidhinishwa, ningeshauri njia ya pili bila kusita, kwa mpangilio wa kaya nyingi zenye vitalu vitatu kila moja, kwa misimu isiyopungua miwili, na kura za wanawake zikihesabiwa peke yake. Waulizeni watafiti wa vituo vya utafiti wa kilimo vya Hombolo, Ilonga au Naliendele ni aina zipi zina mbegu ya msingi ya kutosha, na msiweke katika jaribio aina ambayo haitapatikana ikishinda.

Kwa tatizo la kiduha, sumukuvu au rozeti, acheni watafiti waongoze, nanyi toeni shamba lenye tatizo hilo kweli. Mchango wa namna hiyo ni mkubwa, kwa kuwa jaribio la kiduha kwenye udongo usio na kiduha halina maana.

Njia ya tatu ningeiweka kwa kikundi cha aina ya pekee: kinacholima mtama, kimeshajaribu aina za kisasa na kuzikataa kwa sababu zinazoelezeka, labda ndege, labda bua fupi, kina mbegu ya kienyeji kinayoipenda lakini inayochelewa kukomaa, na kina watu wanne au watano wenye subira ambao wako tayari kufunga masuke kwa mifuko kwa miaka mitano. Vikundi vya namna hiyo vipo, na kikikosa mtafiti wa kufanya naye kazi hiyo, mkoa mzima unapoteza. Nimekutana na wakulima wanaoijua mbegu yao suke kwa suke, na ningependa kuona uchavushaji mmoja tu ukifanywa kwa kuanzia na kile wanachokitaka wao.

Njia yoyote mtakayoikubali, muhtasari wa kikao uandikwe kabla ya kupanda, nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji. Humo iandikwe misimu mingapi kazi itafanyika, nani anapima nini, kaya itafidiwa vipi kitalu kikifa, jina la nani litaingia kwenye maombi ya uidhinishaji, na kilo ngapi za mbegu ya aina itakayoshinda zitaachwa kijijini siku gari la watafiti litakapoondoka kwa mara ya mwisho.